Simba wa Sinema na Sauti ya Kuazima

Fanani wa Kiswahili huanza kwa "Paukwa!" nayo hadhira ikaitikia "Pakawa!", na tangu hapo waliopo wamekwisha kukubali kuongozwa. Sinema nayo ina paukwa yake, yaani nembo ya studio inayotangulia filamu. Katika studio ya Metro-Goldwyn-Mayer ya Marekani, kazi hiyo alipewa simba tangu studio ilipoundwa mwaka 1924.

Simba wa kwanza, Slats, hakusikika, kwani filamu za wakati wake zilikuwa bubu. Mwaka 1928 akaingia Jackie, ambaye ngurumo yake ilipigwa kwa gramofoni ukumbini. Wengine walifuata, hadi 1957 alipoanza kutumiwa simba kijana aliyejulikana kwa jina la Leo. Ujana wake haukufichika: manyoya yake ya shingoni yalikuwa haba kuliko ya watangulizi wake. Hata hivyo ndiye aliyedumu kuliko wote, zaidi ya miaka 60, na ndiye waliyemzoea hata watazamaji wa kanda za video za kukodi kule Nakuru na Mombasa.

Mwezi Machi 2021 studio ilitangaza nembo mpya. Simba wa sasa ameundwa kwa kompyuta. Manyoya yake yanaonekana unywele kwa unywele, dhahabu inayomzunguka inang'aa, na hapana mnyama aliyewahi kusimama mbele ya kamera kwa ajili ya picha hiyo. Baadhi ya wapenzi wa filamu walinung'unika kwamba simba wa kweli ameondolewa akawekwa sanamu.

Malalamiko hayo yana haki yake, ila yalichelewa kwa takribani miaka 40. Mwaka 1982 fundi wa sauti Mark Mangini alitengeneza upya ngurumo ya nembo hiyo, na ndani yake akatia sauti za chui milia, mnyama wa Asia. Sababu yake ilikuwa ya kifundi: simba halisi hatoi mlio mkali wa aina ile aliyoitarajia hadhira. Mkaazi wa kandokando ya Tsavo, ambaye husikia simba usiku, angelitambua hilo bila ya kuelezwa, maana ngurumo ya simba ni nzito, ya kifuani, na hurudiwarudiwa hadi ikafifia. Kwa hiyo Leo, huyo aliyeliliwa kuwa wa kweli, alikuwa amenguruma kwa koo la kuazima tangu zamani. Mwaka 2021 mwili nao uliifuata njia iliyokwisha kupitwa na sauti.

Hata hivyo si haki kusema kwamba hakuna kilichopotea. Leo alikuwa na manyoya haba kwa sababu alikuwa kijana siku alipopigwa picha, na hakuna msanii aliyeamua hivyo. Katika nembo mpya kila unywele umeamuliwa na mtu.

Lililo gumu zaidi ni kaulimbiu iliyo juu ya kichwa cha simba, maneno ya Kilatini yenye maana ya "sanaa kwa ajili ya sanaa". Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na msemo huu mapema, aghalabu katika mijadala ya dhima ya sanaa, ambamo hushambuliwa vikali na wale washikiliao kwamba sanaa ni ya jamii. Ajabu ni kwamba aliyeiasisi nembo hiyo, Howard Dietz, alikuwa mtu wa matangazo ya biashara, nayo studio yenyewe ilinunuliwa na Amazon mwaka 2022 kwa takribani dola bilioni 8.5.

Katika nembo mpya maneno hayo hutokea kwanza kwa Kiingereza, kisha hugeuka kuwa Kilatini. Yumkini watengenezaji walitaka yaeleweke. Lakini ni fanani gani aliyewahi kueleza maana ya paukwa kabla ya kuitamka? Hadhira iliyokaa gizani kwa miaka mingi bila ya kukijua Kilatini ilinyamaza vivyo hivyo, ikangoja filamu ianze.