Kwetu Tunacheza Hivi

Sisi ni kikundi kidogo cha wajitoleaji hapa Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Leo tunataka kuwaelezea Jumamosi moja tuliyocheza michezo ya ubao toka asubuhi mpaka jua kuzama, na kwa nini tunaona siku ile haikupotea bure.

Kwanza sababu. Tangu Januari 2025, Goma ilipochukuliwa na M23, halafu Bukavu mwezi uliofuata, familia mpya zimekuwa zikiingia Uganda. Wengine wanafika hapa na nguo walizovaa tu. Sisi tuliotangulia tunazijua zile wiki za kwanza: unangoja kuandikishwa, unangoja kiwanja, unangoja turubai. Na kitu kinachoisha mapema kabisa ni sabuni. Tukasema, basi tuwakusanyie.

Lakini kumwomba mtu ambaye mgao wake mwenyewe umepunguzwa ni kazi ngumu. Ukimpigia hodi unamtia aibu, kwa sababu akikosa cha kukupa atajisikia vibaya siku nzima. Ndipo mmoja wetu akaleta wazo: tuwaite watu waje wacheze, na kiingilio kiwe kipande cha sabuni, au kikombe cha maharage, au daftari. Asiye na hivyo aje na kuni mbili za kupikia uji wa watoto. Asiye na kuni aje na mikono yake, atapanga mabenchi. Yaani kila mtu apate mlango wa kuingilia.

Si wote walifurahi. Mzee mmoja jirani yetu, mtu wa Kivu, alitusimamisha njiani akatuuliza: "Batoto, njaa iko ku nyumba, na nyie muko nacheza?" Swali lake lilikuwa la haki. Mtu aliyekuzidi umri akikuuliza habari ya njaa, humjibu kwa hotuba. Tulimwambia tu, "Papa, tunatafuta mtu wa kutufundisha kisoro." Akatuangalia, akacheka kidogo, akaendelea na safari yake.

Vifaa havikutugharimu sana. Ubao wa drafti tuliuchora kwenye maboksi ya mafuta ya kupikia. Kete zikawa vizibo vya soda: mmoja anavilaza kifudifudi, mwingine chali. Kete ikifika mwisho unapandisha kizibo juu ya kizibo, tayari una dama. Ludo tuliazima mbili kwa fundi seremala na dadu tukanunua. Kwa ajili ya kisoro tulichimba mashimo 32 chini ya mti, safu nne za mashimo manane, na kuokota mawe madogo 64. Vijana wa Kisomali wa Base Camp walikuja na mchezo wao, shax. Hawakuhitaji hata boksi. Walichora miraba mitatu chini, mmoja ndani ya mwingine, huyu akachukua mawe 12 na yule vijiti 12. Ukipanga vitatu kwenye mstari mmoja, unaondoa kimoja cha mwenzako.

Tulidhani watu watakaa na kuanza. Kumbe! Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kubishana tu. Wengi wetu tuliotoka Congo na Burundi tulijifunza drafti ya miraba 100, kila mtu kete 20, jinsi wanavyocheza Wafaransa. Wenzetu waliopitia Kenya na Tanzania wanaijua ya miraba 64, kete 12. Halafu ukisahau kula, inakuwaje? Huyu anasema kete yako inaondolewa. Yule anasema hapana, unarudi unakula. Kwenye ludo huyu anasema ukitupa sita mara tatu mfululizo zamu yako imekufa, mwingine anasema hiyo sheria ameisikia leo. Kila benchi ulisikia neno moja: "Kwetu tunacheza hivi." "Ee, lakini kwetu ni hivi."

Tukasimama tukasikiliza, kwa sababu hilo neno "kwetu" hapa kambini huwa linasemwa kwa huzuni, au halisemwi kabisa. Ukimwuliza mtu habari za kwao, anakwambia kuhusu siku aliyokimbia. Siku ile watu walitaja kwao bila vita ndani yake. Mmoja alituonyesha jinsi baba yake alivyokuwa akigonga kete kwenye ubao ili kumtisha mpinzani. Mwingine akaeleza kwamba mtaani kwao aliyeshindwa alikuwa ananunua chai.

Tulikubaliana hivi: kila ubao uwe na mwenyeji, na mwenyeji aandike sheria za kwao kwenye kipande cha boksi. Ukikaa hapo, umezikubali. Ukitaka za kwenu, hamia ubao mwingine, au anzisha wa kwako. Tuliongeza sheria moja ya watu wote: hakuna pesa mezani. Hapa senta vijana wengi wanacheza ludo ya kubeti, na tumeona simu zikienda na ugomvi ukibaki. Kijana mmoja alijaribu kuweka noti ya shilingi 1,000 chini ya ubao. Msichana aliyekuwa mwenyeji akamrudishia mkononi na kumwonyesha maandishi. Basi, ikaisha.

Jamani, hebu fikirini kidogo hapo. Maisha yetu yamejaa sheria, na karibu zote zimewekwa na wengine. Siku ya mgao, mwanzo wa foleni, karatasi gani uje nayo, nani aitwe kwenye mahojiano ya kwenda nchi ya tatu. Hatulalamiki, kambi kubwa haiwezi kwenda bila utaratibu. Lakini kijana aliyekua hivyo toka utotoni anafika miaka ishirini hajawahi kuulizwa, "Wewe unaonaje, tufanyeje?" Pale kwenye maboksi aliulizwa. Akasema, akapingwa, akashawishi wenzake au akashawishiwa, halafu akafuata kile alichokubali mwenyewe hata kilipomshinda. Sisi tunaona hilo ni zoezi kubwa kuliko mchezo wenyewe.

Na michezo hii nayo imesafiri kama sisi. Ludo imetokana na pachisi ya India. Waingereza wakaibadilisha wakaisajili kwao mwaka 1896, leo mtoto wa hapa anaiona kama mali ya mtaa wake. Kisoro nacho Wanyarwanda wanakiita igisoro, Waganda omweso, na watu wa pwani wana bao lao. Mashimo 32, kete 64, lakini namna ya kula na kuzunguka inabadilika ukivuka mpaka. Hakuna anayemwambia mwenzake kwamba bao lake ni la uongo.

Yule mzee alikuja. Alifika saa tano na kipande cha sabuni amekifunga kwenye gazeti, akakaa kwenye mashimo, akawafunga vijana wanne mmoja baada ya mwingine huku akiwafundisha. Halafu akatokea mama mmoja, mtoto mgongoni, akaomba nafasi. Wengi wetu tulizoea kwamba kisoro ni cha wazee wa kiume, tukadhani anatania. Alimpiga yule mzee mara mbili, hesabu zote kichwani, mtoto akiwa amelala. Mzee akavua kofia. Toka hapo wasichana waliokuwa wanatazama kwa mbali wakaanza kusogea kwenye mabenchi.

Kuna jambo moja tunaliandika kwa uangalifu. Walikuwepo vijana wawili ambao watu wao nyumbani wameumizana. Hatutaji makabila, nyie wenyewe mnajua. Mmoja alikuwa mwenyeji wa ubao wa drafti. Mwingine alipoelekezwa pale akasema kwa sauti ya chini, "Mimi na huyu, hapana." Hatukumlazimisha na hatukumhubiria. Alibaki amesimama nyuma ya benchi karibu saa nzima. Halafu mwenyeji akacheza kete vibaya, na yule aliyesimama uzalendo ukamshinda: "Hapana bwana, ungekula huku!" Mwenyeji akageuka, akamwangalia, akasema, "Basi kaa wewe." Akakaa.

Walicheza michezo mitatu. Hawakuongea zaidi ya "zamu yako" na "nimekula." Mwisho waliinuka bila kupeana mikono. Tungependa kuwaambia kwamba sasa ni marafiki, lakini si kweli. Tunachojua ni kwamba kwa muda wa michezo mitatu kila mmoja alifuata sheria, alingoja zamu ya mwenzake, na hakuna aliyeiba kete. Wiki iliyofuata yule aliyekataa kukaa alituuliza lini tena. Hatukumwuliza kwa nini.

Wageni wakija hapa na ubao wa chesi hupenda kutupa stori ya Phiona Mutesi, msichana wa Katwe, Kampala, ambaye maisha yake yalifanyiwa filamu mwaka 2016. Ni stori nzuri na tunajivunia kwamba ni ya jirani zetu. Lakini tunaomba msituangalie kila mara mkitafuta bingwa. Wengi wetu hatutakuwa mabingwa wa chochote, na bado tunahitaji Jumamosi. Mfanyakazi mmoja alituuliza washiriki walikuwa wangapi. Tulishindwa kumjibu, maana watu walikuwa wakiinuka na kukaa, mtoto anachukua nafasi ya baba, anayepita na jerikeni anasimama kuona mchezo uishe, maji yanachelewa kufika nyumbani.

Jioni tulihesabu vilivyoingia. Maharage yalijaa ndoo tatu. Sabuni katoni moja na nusu, vipande vingine vimekatwa katikati kwa sababu mtu alikuwa nacho kimoja tu nyumbani. Daftari chache na kalamu. Jumatatu viongozi wa jamii walitusindikiza kuzipeleka kwa familia mpya. Hazikuwatosha wote, tulianza na wenye watoto wachanga.

Mzee alipoaga alituambia, "Njaa bado iko." Tukamjibu, "Ndiyo, Papa, bado iko." Ni kweli. Ludo haijazi sufuria. Lakini na yeye alikuwa amekuja kutoa, na aliondoka akitembea kama mtu aliyetoa.

Ukitaka kufanya hivi huko ulipo, anza na maboksi, vizibo na kivuli cha mti. Tafuta wenyeji wa ubao kutoka kila jamii, wasichana wawemo. Waache wabishane mwanzoni, usiwaharakishe. Na nyie wa mashirika, mkipenda kusaidia, tupeni uwanja na kibali cha kukusanyika, na mje mkae benchi kama wachezaji. Sheria tutaandika wenyewe.

Sasa tuambieni nyie wa Kakuma, Nyarugusu, Dzaleka na Kyangwali: kwenu mnachezaje? Ukisahau kula, kete inaondoka au unarudi? Hapa bado hatujamaliza huo ubishi.