Mstari Uliogusa Kona

Katika miaka yangu ya ualimu nimeulizwa maswali ya kila namna, lakini sikutazamia kwamba nikiwa na umri wa miaka sabini na mitatu ningeombwa kutoa hukumu juu ya mchawi, zimwi na kona ya ukuta. Hayo yalinipata Januari 2023, nilipokuwa mgeni wa binti yangu mjini Nottingham, Uingereza. Baridi ilikuwa kali, giza liliingia mapema, na mzee aliyezoea kukaa barazani huko hana baraza. Basi nikaketi mezani na wajukuu zangu wawili, wa kiume mwenye miaka kumi na mitatu na dada yake wa miaka tisa, nikawa mchezaji.

Mchezo wenyewe unaitwa HeroQuest. Mtungaji wake ni Stephen Baker, nao ulitolewa mwaka 1989 na kampuni ya Milton Bradley ikishirikiana na Games Workshop, ambayo makao yake makuu yapo mjini humo humo Nottingham. Mwaka 2021 ulichapishwa upya, ila huu wa wajukuu zangu ni ule wa zamani. Mama yao aliununua katika duka la mitumba. Huchezwa juu ya ubao wa miraba 26 kwa 19, uliochorwa vyumba na njia za ngome iliyo chini ya ardhi. Mchezaji mmoja huwa Morcar, bwana wa uovu, mwenye mazimwi yote na ramani ya siri. Wengine huwa mashujaa wanne: Barbari, Mbilikimo, Elfi na Mchawi. Asishtuke msomaji kwa jina hilo la mwisho. Mchawi wa mchezo huu yuko upande wa wema. Mwili wake ni dhaifu, lakini ana karata tisa za uganga, na kila karata hutumika mara moja tu katika safari moja. Ukiipoteza bure, umeipoteza.

Chanzo cha mzozo wetu kilikuwa kanuni ya kuona. Mchawi hawezi kumrushia moto adui asiyemwona, wala mwenye upinde wa mtambo hawezi kumlenga. Na kuona kunapimwa hivi: vuta mstari mnyoofu, wa kufikirika, kutoka katikati ya mraba wa mtazamaji hadi katikati ya mraba wa mtazamwa. Kama mstari huo haukuzuiwa na ukuta, mlango uliofungwa au kiumbe mwingine, basi anaonekana. Mimi niliyefundisha hisabati niliipenda kanuni hiyo mara moja. Ni fupi, nayo haijali umbali wala ujanja.

Lakini chukua karatasi ya miraba, msomaji, uone jinsi kanuni fupi inavyoweza kumtega mtu. Mashujaa wako njiani, na njia inapinda kwenye pembe ya chumba. Mchawi yupo upande huu wa pembe, zimwi lipo upande wa pili, na miraba yao inakutana kwa kona tu, si kwa ubavu. Miraba miwili mingine inakutana papo hapo: mmoja ni njia tupu, mwingine umo ndani ya chumba, nyuma ya ukuta. Vuta mstari wako kutoka katikati hadi katikati. Utapita sawasawa juu ya ncha ya pembe ya ukuta. Haukuingia ndani ya ukuta, wala haukuuepuka. Umeugusa. Je, kugusa ni kuzuiwa?

Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyekuwa Mchawi usiku ule. Alikuwa ameitunza karata yake ya moto tangu mwanzo, naye akaitoa kwa furaha. Kaka yake, ambaye zamu hiyo alikuwa Morcar, akatikisa kichwa. "Mstari umegusa ukuta," akasema. "Humwoni."

"Lakini wiki iliyopita wewe ulipiga hivi hivi!" dada yake akalia. Ni kweli. Wiki iliyotangulia kijana alikuwa Elfi mwenye upinde, mama yao alikuwa Morcar, na kwenye pembe ya namna hiyo hiyo alishikilia kwamba kugusa si kuzuiwa. Mama yake, aliyekuwa na chakula jikoni, akamkubalia yaishe.

Tukafungua kitabu cha kanuni. Maneno yalikuwepo, lakini ukurasa uliofuata, ambao pengine ulikuwa na mchoro wa mfano, ulikwisha kuchanika kabla mchezo haujafika dukani. Wote wawili wakanigeukia. "Babu, wewe ni mwalimu. Amua."

Nilitaka kuamua, tena nilikuwa na hoja tayari. Nukta ina mahali, haina ukubwa. Basi kitu kisicho na ukubwa kitazuiaje? Nikakumbuka pia jaribio nililowafundisha walimu wanafunzi kwa miaka mingi: kadi tatu zenye matundu, zikapangwa mbele ya mshumaa. Matundu yakinyooka, mwanga unauona. Ukisogeza kadi moja kidogo tu, huuoni tena. Nuru husafiri kwa mstari mnyoofu. Nikaomba uzi, nikaunyoosha kutoka mraba hadi mraba. Uzi ukalala juu ya ncha ya pembe, nusu yake huku na nusu yake kule, kwa kuwa uzi una unene na mstari wa hisabati hauna. Kijana akasema umezuiwa. Binti akasema umepita.

Kijana akaleta ushahidi mwingine. Kwa rafiki yake jirani amecheza michezo ya aina hii iliyokuja baadaye. Katika Descent, toleo la pili la mwaka 2012, mstari huvutwa kutoka kona ya mraba hadi kona ya mraba, si katikati hadi katikati. Katika Gloomhaven, mchezo wa Isaac Childres uliotoka mwaka 2017, pia ni kona hadi kona, na kinachozuia ni ukuta peke yake. Viumbe waliosimama kati hawazuii kitu. Alileta hayo ili anishawishi, lakini mimi yalinifunza jambo jingine. Watungaji hao walikabili swali moja, kila mmoja akajibu kivyake, na michezo yao yote inachezeka. Basi jibu halikuwamo ndani ya uzi wala ndani ya mshumaa. Lilikuwa jambo la kukubaliana.

Hapo nikatambua kwamba mimi sifai kuwa hakimu. Nilikuwa Mbilikimo, mwenzi wa yule Mchawi, na zimwi lile likibaki hai zamu ya kupigwa ingekuwa yangu. Hoja yangu ya nukta ilikuwa nzuri, lakini ilinijia upesi mno, na ilinijia kutoka upande wa faida yangu. Nilishikwa na aibu ya zamani.

Mwaka 1991 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Tulikuwa na kanuni isemayo kwamba mwanachuo atakayeonekana nje ya mipaka ya chuo baada ya saa nne usiku, bila ruhusa, atarudishwa nyumbani kwa mwaka mmoja. Mpaka wetu upande wa kusini ulikuwa kalavati la barabara. Usiku mmoja mlinzi alimmulika kijana mmoja kwa tochi akiwa amesimama juu ya kalavati lile. Yu ndani au yu nje? Kanuni haikusema. Nikaamua kwamba mwenye kugusa mpaka amekwisha kuuvuka, nikatia saini barua yake. Baba yake alikuwa mkulima. Alikuja na baiskeli kuchukua sanduku la mwanawe, akanishukuru kwa malezi, akaenda zake.

Haukupita muhula mmoja, mlinzi yule yule akammulika mwanachuo mwingine juu ya kalavati lile lile. Huyu baba yake alikuwa mtu mzito. Kikao cha nidhamu kilikaa kwa saa mbili, na mwisho wake tukagundua, kwa hoja safi kabisa, kwamba kalavati limejengwa na chuo, kwa hiyo ni sehemu ya chuo. Kugusa si kuvuka. Nikatia saini na hiyo. Hakuna aliyesema uongo katika kikao kile. Kila hoja ilikuwa na miguu yake. Kosa letu ni kwamba tuliutafsiri mpaka baada ya kujua ni nani aliyesimama juu yake.

Basi pale mezani Nottingham nikawaambia wajukuu zangu, "Ondoeni kila kitu kwenye ubao. Zimwi, Mchawi, Mbilikimo wangu, vyote." Wakashangaa, wakaondoa. Nikachora ile pembe kwenye karatasi tupu, na nukta mbili zisizo na majina. "Sasa semeni. Kesho hamjui nani atakuwa Morcar. Mnataka mstari huu upite au usipite?"

Walikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliyesema kwanza ni yule mdogo. "Usipite," akasema, "kwa sababu ukisema unapita, kila mara tutagombana kama umegusa tu au umeingia kidogo. Ukigusa, basi." Kaka yake akamtazama, kwa kuwa alijua dada yake amejinyima moto wake mwenyewe. Akachukua kalamu, akaandika: mstari ukigusa kona ya ukuta, umezuiwa, kwa mashujaa wote. Akachora na picha. Kisha akaongeza, bila kuambiwa, kwamba karata ya dada yake irudishwe mkononi kwa kuwa aliitoa kabla ya kanuni. Karatasi ile ikawekwa ndani ya boksi, mahali pa ukurasa uliochanika. Zamu iliyofuata zimwi lilinipiga mimi, nikafa.

Niliporudi nyumbani nilimtafuta yule kijana wa kalavati. Haikuwa kazi ngumu, walimu wanajuana. Alirudi chuoni baada ya mwaka wake, akahitimu, akafundisha, na sasa naye ni mtu wa mvi. Nilimpigia simu. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nikaitikia, kisha nikamweleza yote, pamoja na kikao cha pili. Nikamwomba radhi.

Alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa nimevuka. Nilitoka dukani, nilikuwa narudi. Adhabu ile niliistahili." Akanyamaza tena. "Lakini na mwenzangu alikuwa anatoka huko huko."