Moyo Unaokesha

Aliyelala usimwamshe, husema wazee. Neno hilo ni la adabu, tena lina elimu ndani yake. Maana mtu akishtuliwa usingizini, moyo humwenda mbio na msukumo wa damu hupanda mara moja. Basi twawezaje kuujua msukumo wa damu ya mtu aliyelala? Tukimwamsha ili tumpime, tulichokitafuta kimekwisha kutoweka.

Swali hili lilitufikia nyumbani mwetu. Baba yetu, mzee wa miaka 67, ana ugonjwa wa sukari. Kila alipopimwa mchana, hesabu zake hazikutisha. Lakini figo zilianza kudhoofika, na daktari hakuridhika. Akamfunga mkononi mshipi wa kitambaa, wenye mrija ulioungana na kisanduku kidogo kiunoni. Kwa muda wa saa 24 kisanduku hicho huujaza mshipi hewa chenyewe, kila dakika 20 mchana na kila dakika 30 usiku, na kuzitunza hesabu zote.

Zamani haikuwa rahisi hivyo. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia aliutengeneza mshipi wa hewa wa kupimia. Mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaonyesha jinsi ya kuisikiliza sauti ya damu katika mshipa wa mkono. Lakini yalihitajika masikio ya mtu anayekesha. Leo chombo hukesha badala yake.

Daktari alitufundisha kwamba kwa mtu mwenye afya msukumo wa damu hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20. Aliye na 130 mchana, katika hesabu ya juu, huteremka kati ya 117 na 104. Ndiyo pumziko la moyo, mishipa na figo. Mwaka 1988 Eoin O'Brien na wenzake walieleza kwamba miongoni mwa wagonjwa wasioshuka hivyo, waliokwisha kupatwa na kiharusi walikuwa wengi zaidi. Ugonjwa wa figo, sukari, chumvi nyingi, na kukoroma kwa kukatika pumzi, yote yaweza kulizuia pumziko hilo.

Usiku ule mama alifunga redio mapema, nasi tuliandika saa ya kulala na ya kuamka, kama tulivyoagizwa. Bila saa hizo daktari hawezi kutenga usiku na mchana. Hesabu zikasomwa: wastani wa mchana 132, wa usiku 134. Kwa kuwa baba alilala kwa kukatizwa, kipimo kilirudiwa, nacho kikasema neno lile lile. Baba akanena taratibu, "Kumbe mimi nililala, moyo ukabaki shambani." Hakuna aliyecheka.

Sasa dawa zake zimeongezwa, chumvi imepungua katika chungu chetu sote, na figo zake zinaangaliwa mara kwa mara. Hofu haijatutoka, lakini twajua twapigana na nini.

Ndugu wasomaji, mwenye sukari, mwenye ugonjwa wa figo, au akoromaye hata pumzi kukatika, amwulize daktari habari za kipimo hiki. Wala asibadili saa za dawa kwa shauri lake mwenyewe. Mlalaji hajioni, yafaa wenziwe wamwangalie.