Kutoka Dzaleka Hadi Lilongwe: Kasuku na Mimea Yenye Sumu

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, Malawi, kilomita zipatazo 45 kaskazini ya Lilongwe. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa; tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Sokoni Kiswahili husikika tangu asubuhi. Huku yanauzwa maharagwe, kule mafungu ya sombe, yaani majani ya muhogo ambayo Watanzania huyaita kisamvu.

Kwa watu waliotoka nchi ya misitu, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu si ndege mgeni. Huiga sauti za wenye nyumba, huwaita watoto kwa majina yao, na akitunzwa vema aweza kuishi miaka 40 au zaidi. Lakini umri huo mrefu waweza kukatika kwa siku moja, tena si kwa paka wala kwa mwizi, bali kwa jani la uani.

Sababu yake ni nyepesi. Kasuku huijua dunia kwa mdomo: hutafuna kijiti, hupasua kokwa, huchana majani hata asipokuwa na njaa. Uzito wake ni kama nusu kilo tu, kwa hiyo sumu kidogo humtosha. Tena ndege aliye huru huruka na kuchagua. Aliyefungwa hutafuna kilicho karibu naye. Wajibu wa kuchagua ni wa mfugaji. Yafaa basi kuifuata njia ya kwenda mjini na kuitazama mimea yake kwa jicho la mfugaji huyo.

Hatari ya kwanza imo jikoni, pale pale Dzaleka. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ambayo hupungua sana yakitwangwa na kupikwa vema. Maharagwe makavu nayo yana sumu mpaka yachemke barabara. Mtu hali vitu hivyo vibichi, lakini kasuku aliyeachwa karibu na ungo hangoji chungu kichemke.

Barabara kuu hupita Lumbadzi na kuingia Lilongwe kwa upande wa Kanengo, penye mnada wa tumbaku. Zao hili limeipatia Malawi fedha nyingi za kigeni. Hata hivyo, nikotini iliyomo katika jani lake ni sumu kali kwa ndege. Mkulima arudipo kutoka shambani na anawe mikono kabla ya kumshika kasuku, na kipande cha sigara kisitupwe chini ya tundu.

Kando ya njia huota mbarika, ambao mbegu zake zenye madoadoa hupendeza macho na huua. Minyaa ya ua hutoa utomvu mweupe unaounguza mdomo na macho.

Lilongwe ni makao makuu ya serikali tangu mwaka 1975, yalipohamishwa kutoka Zomba. Ni mji wenye bustani nyingi, na humo uzuri waweza kuficha mauti. Olianda, kichaka chenye majani membamba marefu na maua mekundu au meupe, huudhuru moyo katika kila sehemu yake.

Lakini mti wa kuogopwa kuliko yote ndio unaopendwa kuliko yote. Wenyeji hulila tunda lake kwa jina la peyala, Wakongo huliita avoka, Watanzania parachichi. Kwa binadamu ni chakula bora. Kwa kasuku, tunda, jani, gome na kokwa vyote ni hatari: huudhuru moyo, ndege hujivimbisha manyoya, hupumua kwa shida, na aweza kufa katika siku moja au mbili. Mama anayemmegea kasuku wake kipande kwa mapenzi hajui kwamba amempa sumu. Tundu lisitundikwe chini ya mparachichi, hata kama kivuli chake ni kizuri namna gani.

Badala yake, kijiti cha mpera au mwanzi chafaa kuwa kituo cha ndege. Mapera, boga na mahindi mabichi ni chakula chema. Karanga au mahindi yenye ukungu yasitolewe kamwe, kwani yaweza kuwa na sumukuvu.

Ndege akila mmea wa hatari, aondolewe mabaki mdomoni kwa upole, awekwe mahali pa joto na kimya, asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa au mafuta. Apelekwe upesi kwa bwana mifugo pamoja na tawi la mmea wenyewe.

Askari na familia zao wakumbuke jambo moja zaidi. Mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg, ilikubaliwa kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini. Misitu imepungukiwa na ndege huyu. Kwa hiyo asinunuliwe kwa mlanguzi. Na yule aliyeko nyumbani kihalali atunzwe kama amana. Kabla ya kumfungulia tundu jioni, mwenye nyumba na auzunguke ua wake kwanza, mti kwa mti.