Weusi wa Macho na Jua la Uasin Gishu: Barua kwa Binti wa Kaka Yangu

Eldoret

Mwanangu,

Umeniuliza kuhusu weusi uliokuzunguka macho na mikunjo midogo iliyoanza kujichora kwenye pembe zake, na kama ile krimu ya kung'arisha ngozi unayouziwa mjini itakufaa. Jibu langu ni hapana. Sitaki ulipokee kwa sababu tu mimi ni shangazi yako. Nataka uzione sababu zangu, uzipime, kisha uamue mwenyewe, maana una miaka 46 na uso ni wako.

Tuanze na ngozi yenyewe. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, unene wake ni kama nusu milimita tu, na tezi zake za mafuta ni chache. Ndiyo maana hukauka upesi, hukunjika upesi, na huonyesha kilicho chini yake. Kwa hiyo kile tunachokiita kwa jina moja, weusi wa macho, kwa kweli ni mambo kadhaa, na hakuna dawa moja inayoweza kuyatibu yote. Simama na kioo dirishani mchana, uinue uso kuelekea mwanga. Weusi ukipungua sana, ujue ni kivuli: kadiri miaka inavyokwenda mafuta ya usoni hupungua, mfupa unaozunguka jicho nao hubadilika umbo, na kati ya jicho na shavu huchimbika kibonde. Kisha vuta ngozi ya chini taratibu kwa kidole. Rangi isipobadilika, ni rangi ya ngozi yenyewe, na aina hiyo hurithiwa sana katika familia zetu watu weusi. Ikikolea na kuelekea zambarau, unayoiona ni mishipa ya damu chini ya ngozi nyembamba. Wengi wa umri wako wana zaidi ya aina moja kwa pamoja. Sasa jiulize: krimu ya kung'arisha itakifanya nini kivuli? Itaifanya nini mishipa? Hata kabla hatujafika kwenye sumu yake, mtu anayekuuzia dawa moja kwa mambo matatu tofauti hajaliangalia tatizo lako.

Jambo linaloukoleza weusi wa ngozi na kuharakisha mikunjo kuliko mengine yote yaliyo katika uwezo wako ni jua, na hapa ndipo watu wa huku kwetu tunapodanganyika. Eldoret iko zaidi kidogo ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta, na kimo chake ni kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000, miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa sababu hewa ya kuichuja inapungua. Kwa hesabu hiyo, mkulima wa huku kwetu Moiben hupokea miale hiyo kwa wingi unaozidi kwa asilimia 20 au zaidi ule wa mtu wa Mombasa aliye chini ya anga safi kama yake. Lakini wa Mombasa anatoka jasho na kutafuta mwembe wa kujificha, ilhali wewe umevaa sweta na upepo unakupepea, unasema leo hakuna jua. Miale hii haina joto la kuhisiwa. Mawingu mepesi nayo hayaizuii. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 80 yake inaweza kupenya. Baridi yetu ndiyo inayotufanya tukae uwanjani kutwa nzima bila kofia, na kukunja macho kwa saa nyingi katika mwanga mkali kunachora mistari ile ile unayoilalamikia.

Najua utaniambia kwamba mambo ya kukinga jua ni ya wazungu, na sisi tumeumbwa na kinga yetu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na sitaipuuza. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lina kinga inayolingana na losheni ya kukinga jua ya SPF 13 hivi, na la ngozi nyeupe ni kama 3 tu. Ndiyo sababu mikunjo yetu huchelewa kwa miaka mingi ikilinganishwa na yao. Lakini zingatia mambo mawili. Kwanza, 13 si kinga kamili, hasa kwa mtu anayekaa shambani tangu asubuhi hadi jioni kwa miaka 30. Pili, ngozi yetu hujibu kila usumbufu kwa kutengeneza rangi zaidi: ukiiunguza, ukiikwaruza, ukiisugua, huacha doa. Hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, achilia mbali urujuanimno, huikoleza ngozi nyeusi kuliko nyeupe. Kwa hiyo sisi jua halituanzii kwa mikunjo. Hutuanzia kwa weusi, na weusi ndio ulioniandikia kuuhusu.

Ushahidi kwamba kinga husaidia hata mtu mzima upo. Huko Nambour, Australia, watafiti waliwagawa watu kwa kura: wengine wapake losheni ya kukinga jua kila siku, wengine waendelee kama walivyozoea. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 kuhusu watu 903 walio chini ya miaka 55, waliopaka kila siku walionyesha uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 baada ya miaka minne na nusu. Wale ni wazungu na kipimo chao kilikuwa ngozi ya mkono, kwa hiyo sikuhamishii hesabu hiyo nzima usoni mwako. Ninachokichukua ni kwamba uharibifu wa jua huendelea hata ukubwani na unaweza kupunguzwa hata ukubwani.

Sasa tazama krimu ile inafanya nini. Melanini, yaani rangi yako ya asili, ni mwavuli wa ngozi yako, na krimu ya kujichubua hufanya kazi kwa kuukunja mwavuli huo huku ukiwa bado juani, kwenye mita 2,100. Ngozi iliyoachwa wazi hivyo huungua, na ikiungua hurudi nyeusi kuliko mwanzo. Nawe huongeza krimu. Krimu hizi mara nyingi huwa na kimoja kati ya vitu vitatu. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuleta madoa ya buluu-nyeusi yasiyoondoka, maradhi ambayo madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza tangu mwaka 1975 kwa wanawake waliokuwa wakijichubua. Steroidi huikondesha ngozi, na ya kope haina unene wa kupoteza. Tena ikiingia jichoni kwa muda mrefu huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Presha ya macho haiumi. Mtu hugundua wakati upande wa kuona umekwisha kupotea, na uliopotea haurudi.

Cha tatu ni zebaki, na kwa hiki hatuhitaji mfano wa mbali. Mwaka 1972 jarida la British Medical Journal lilichapisha kazi ya madaktari wa Nairobi waliokuwa wakijiuliza kwa nini watu wazima walikuwa wakija hospitalini wamevimba, figo zao zikipoteza protini kwenye mkojo. Kati ya wagonjwa 60, zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 2001, Masazumi Harada, daktari Mjapani aliyetumia maisha yake kuchunguza sumu ya zebaki kule Minamata, alichapisha utafiti kuhusu watu wa eneo la Ziwa Victoria. Alikuta baadhi yao wana zebaki nyingi mno kwenye nywele, na lawama akaielekeza kwenye sabuni za kung'arisha ngozi. Shirika la Viwango la Kenya limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki ziliafikiana kuviondoa vipodozi vyote vyenye zebaki kufikia 2025. Bado vinaingia, vingine vikiwa na lebo isiyotaja kilichomo. Na nataka ulifikirie hili kwa makini, mwanangu: figo zikianza kuharibika namna ile, mahali pa kwanza pa kuvimba mara nyingi ni chini ya macho, asubuhi unapoamka. Mtu anapaka dawa ili apendeze macho, dawa inapita kwenye ngozi hadi kwenye figo, na figo zinamrudishia ubaya mahali pale pale alipopaka.

Utasema jirani yako alitumia akapendeza kwa wiki mbili. Sibishi. Steroidi huibana mishipa ya damu na kutuliza mwasho, kwa hiyo weupe wa wiki mbili ni wa kweli. Lakini muulize atakapoiacha, kwa maana hapo mishipa hutanuka, ngozi huwaka na kuwasha, na rangi hurudi kwa nguvu. Na wale wanaosema basi tumia ndimu kwa kuwa ni ya asili, wakatae pia: maji ya ndimu yakikauka kwenye ngozi na jua likaipiga, huunguza na kuacha doa jeusi kwa wiki kadhaa. Tango au majani ya chai yaliyopozwa hayana madhara. Ubaridi wake hupunguza uvimbe kwa saa chache, basi. Ukiwa na harusi asubuhi, tumia.

Suala la gharama ni zito, najua bei ya mbolea mwaka huu. Ndiyo maana sianzi na losheni. Naanza na kofia ya ukingo mpana unaokizunguka kichwa chote, ambayo kwenye mitumba haizidi bei ya krimu ile, kisha miwani yenye alama ya UV400, yaani ya kuzuia miale ya urujuanimno. Miwani nyeusi tu isiyo na kinga ni hatari, kwa kuwa giza lake huipanua mboni na kuiruhusu miale zaidi. Kazi ya shamba inayoweza kufanywa kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, ifanye saa hizo. Pesa ikibaki, nunua losheni ya SPF 30 au zaidi, iliyotiwa rangi ya kahawia kwa oksidi ya chuma, kwa sababu hiyo huzuia hata ule mwanga unaoonekana. Usiione kama anasa: serikali huwapa losheni za kukinga jua bila malipo watu wenye ualbino kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na kule Moshi, Tanzania, losheni yao iitwayo Kilisun ilianza kutengenezwa katika hospitali ya KCMC. Kwa mikunjo, retinoli hafifu inaweza kusaidia ikipakwa usiku, kidogo sana, kwenye mfupa wa chini ya jicho na si kwenye kope. Bintiyo aliye mjamzito asiiguse.

Kisha acha kuyafikicha macho. Wakati wa kuvuna ngano, vumbi na makapi huwasha, na kila unapofikicha unaikoleza rangi ile. Osha uso kwa maji safi ukitoka shambani, na mwasho ukiendelea ni mzio unaohitaji matone ya daktari. Dada yako mkubwa anayetumia matone ya presha ya macho mwambie kwamba baadhi ya matone hayo huleta weusi kwenye kope. Asiyaache, amweleze daktari wake.

Wapo watakaokuambia uzee ni heshima, mikunjo ya nini kuisumbukia. Ninakubaliana nao kuhusu mikunjo. Mistari ya kucheka si ugonjwa, na ikibaki baada ya haya yote iache ibaki. Lakini jua linalochora mikunjo ndilo hilo hilo linalochangia mtoto wa jicho, kinyama kinachotambaa juu ya jicho, na saratani ya utando wa jicho, ambayo Afrika Mashariki tunaipata kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Kofia ninayokuomba uvae si ya urembo peke yake.

Nenda Hospitali ya Rufaa ya Moi ukapimwe damu, kwa maana upungufu wa damu huikwajua ngozi na kuufanya weusi wa macho uonekane zaidi, na katika umri wako hedhi nzito ni sababu ya kawaida. Ukiona uvimbe wa macho kila asubuhi au mkojo wenye povu jingi, usingoje. Waeleze kila ulichojipaka, hata kama unaona haya. Kopo la krimu ile, kama umekwisha kulinunua, lilete kwangu lilivyo. Usilitupe chooni wala kulichoma na takataka, maana zebaki ikichomwa hugeuka mvuke na wajukuu wangu watauvuta. Nitalipeleka mwenyewe kwa mfamasia hospitalini. Na yule binti anayekusaidia kazi za nyumbani, ikiwa ulimgawia kidogo, mwambie leo hii aache.

Ni mimi shangazi yako.