Betri inapochemka chini ya godoro la mwanao

Makoko, pembezoni mwa Ziwa Victoria mjini Musoma, betri si kitu kigeni. Zamani wavuvi wa dagaa waliingia ziwani na karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi hutumia taa za LED zinazowaka kwa betri. Asubuhi betri hizo hurudi nchi kavu kuchajiwa. Zikichoka huenda kwa mafundi, na nyingine huishia mikononi mwa watoto.

Katika nyumba moja ya mtaani huko, kijana wa miaka 14 aliletewa na mjomba wake gari la rimoti, lori dogo lenye magurudumu makubwa, likiwa halina betri. Mota yake ni ile isiyo na brashi za kaboni. Kwa kuwa hakuna kaboni za kusuguana ndani yake, haipotezi nguvu nyingi, hudumu na huzunguka kwa kasi sana. Lakini inakula umeme. Lori la aina hiyo likiondoka ghafla au likipanda mchanga linaweza kuvuta makumi ya ampea kwa mpigo.

Betri yake ya dukani ilikuwa na bei isiyoshikika. Kijana akabomoa betri ya kompyuta mpakato iliyokufa, akachomoa seli tatu, akaziunga kwa lehemu. Kila seli ina kipenyo cha milimita 18, urefu wa milimita 65 na volti 3.7. Tatu zikiungwa kwa mfuatano unapata volti 11.1, na lori likakimbia.

Mama yake, muuza dagaa, hakuelewa hizo volti. Alichoelewa ni joto. Alishika betri ile baada ya lori kukimbia dakika chache tu, akaiachia haraka kama aliyeshika sufuria jikoni.

"Sitaki kukiona tena kitu hiki ndani ya nyumba yangu."

"Sawa, mama."

Na kweli hakukiona. Wiki mbili baadaye, akitandika kitanda, aliona waya umeingia chini ya godoro. Betri ilikuwa inachajiwa humo, na ilikuwa ya moto. Ni kitanda ambacho kijana hulala na mdogo wake wa miaka mitano, neti ikiwa imechomekwa pande zote.

Mzazi, hapo ndipo penye somo. Marufuku haikuiondoa betri ndani ya nyumba. Iliiondoa tu machoni pa mama.

Joto linatoka wapi?

Kila seli ina ukinzani wake ndani. Umeme unaopita ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Seli nyingi za kompyuta mpakato zimetengenezwa kutoa umeme taratibu kwa saa kadhaa, lakini lori lenye mota kali linataka umeme huo kwa dakika chache. Seli kuukuu zina ukinzani mkubwa zaidi, tena hazilingani. Iliyo dhaifu huisha mapema, zilizobaki zikaendelea kuilazimisha.

Ndani ya seli kuna utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha upande chanya na hasi. Kwenye nyuzi joto 130 hivi, utando huo huanza kuyeyuka. Pande mbili zikigusana, seli inapiga shoti kwa ndani, joto linazaa joto jingine, na ndani ya muda mfupi inatoa moshi wenye sumu na kuwaka moto.

Sasa linganisha na ncha ya chuma cha kulehemu, ambayo hufika nyuzi 300 hadi 400. Mtoto akiishikilia juu ya seli mpaka lehemu ishike, anaweza kuuharibu utando huo bila kuona dalili yoyote nje. Ndiyo maana viwandani hubandika vipande vya nikeli kwa mshtuko wa umeme wa sehemu ndogo tu ya sekunde. Fundi makini hununua seli zenye vipande hivyo tayari, akalehemu kwenye kipande, si kwenye seli.

Sumu isiyonuka

Waya wa lehemu uliozoeleka una bati na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima. Risasi huharibu ubongo unaokua.

Wazazi wengi huogopa moshi wa lehemu. Moshi ule hutokana hasa na utomvu unaosaidia lehemu kushika, nao huwasha macho na kuchochea pumu. Risasi yenyewe hupita zaidi mikononi. Kijana huyu alikuwa akilehemu kwenye meza ileile ambayo mama yake huchambulia dagaa, kisha anakula ugali bila kunawa kwa sabuni.

Alichofanya mama

Wazo lake la kwanza lilikuwa kuitupa betri kwenye takataka zinazochomwa. Angefanya hivyo, ingeweza kulipuka. Badala yake alimchukua mwanawe na betri yake, wakaenda kwa fundi simu.

"Mama, huyu mtoto ana mkono mzuri," fundi alisema. "Shida ni hizi seli, na mahali anapofanyia kazi."

Seli zile zikabaki kwa fundi. Wakakubaliana haya:

Kulehemu ni kwa fundi tu, dirisha likiwa wazi, na mikono inanawishwa kwa sabuni kabla ya chakula.

Kuchaji ni mchana, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na neti, mtu akiwa macho. Chaja iwe ya lithiamu, inayosawazisha seli, na hakuna seli inayopita volti 4.2.

Betri isiposhikika kiganjani, lori linasimama. Haichajiwi mpaka ipoe.

Seli iliyovimba, iliyotoboka au inayotoa harufu haitumiki tena.

Betri ikianza kutoa moshi, toa watu nje kwanza, kisha piga 114 kwa Zimamoto. Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno wala mafuta. Mpeleke kituo cha afya.

Usiuzime udadisi

Mwaka 2018, katika ziwa hilihili, ndege isiyo na rubani inayotumia betri ilifanyiwa majaribio ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kutoka Mwanza, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Anayeunga betri leo kwa ajili ya lori la kuchezea anajifunza kazi ambayo nchi inaihitaji. Anahitaji mtu mzima wa kumwambia wapi na lini, na asiyemfanya ajifiche.

Sasa kila usiku, kabla ya kufunga mlango, mama huyo huuliza swali moja: "Betri iko wapi?" Na kijana humwonyesha.