Babu Alivyomkata Maneno Mpiga Picha wa Magamba

Kuna dogo mmoja Magamba, Mpanda, kazi yake picha za pasipoti. Siku moja kwenye simu akakutana na August Sander, Mjerumani aliyepiga picha watu wa kwao: wakulima, mafundi, wapishi, matajiri, hadi wasio na ajira. Mwaka 1929 akatoa kitabu chenye picha 60. Mwaka 1936 Wanazi wakakipiga marufuku. Sura zile hazikuendana na Mjerumani waliyemtaka wao.

Dogo akasema, hii naiweza. Akaanza na fundi baiskeli, mama ntilie, bodaboda, mchimba dhahabu. Chini ya picha akaandika kazi tu, kama Sander.

Akampelekea babu yake, shikamoo, marahaba, wakakaa. Babu akauliza, "Majina yao yako wapi?"

"Babu, Wajerumani ndivyo walivyofanya."

"Najua. Baba yangu alikuwa askari wao. Alifariki mimi mdogo, sura siikumbuki."

Dogo akamtafutia picha za Walther Dobbertin, aliyepiga askari wa Mjerumani hapa kwetu enzi zile. Wamepanga mstari, bunduki begani. Chini imeandikwa askari, basi. Babu akazipitia mara mbili, akarudisha simu.

"Hata kama yumo, mjukuu wangu, nitamjuaje?"

Kesho yake dogo akapita kwa kila mtu na daftari. Mama ntilie akacheka, halafu akanyamaza.

"Yaani mwanangu, mwaka mzima unakula kwangu kwa mkopo, jina langu hulijui?"